Damu Inafika Vidoleni? Mwongozo wa Vipimo vya Miguu kwa Watu wa Milimani

Mwezi wa Julai, mguu wa baridi si habari Lushoto. Ukipanda kutoka Mombo, kufika Soni umeshatafuta sweta, na mjini, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, vidole vya kila mtu ni baridi: vya mzee mwenye sukari, vya mwanafunzi, vya dereva wa bodaboda. Ndiyo maana kujua kama damu inafika miguuni ni kazi ngumu zaidi huku kuliko Tanga mjini, na vipimo kadhaa vinavyosifiwa vitabuni hupungukiwa nguvu vikipandishwa Magamba au Shume.

Mwongozo huu ni wa mwenye kisukari, mwenye presha, mvutaji sigara wa miaka mingi, na yeyote anayemuuguza mmoja wao nyumbani. Hautakupa udaktari. Utakachopata ni kujua kila kipimo kinasema nini na, kikikosea, kinakosea upande gani. Kipimo kinachokutisha bure kitakugharimu nauli ya Tanga. Kinachokutuliza bure kinaweza kukugharimu mguu.

Anza na ganzi

Kabla ya kuuliza habari za damu, jua kwanza kama mguu una hisia, kwa sababu ganzi hubadilisha maana ya karibu kila kipimo kinachofuata. Mguu uliokufa ganzi haulalamiki unapokosa damu. Mwenyewe atakuambia yu mzima, na hakudanganyi, ndivyo anavyojisikia.

Kuna njia iliyobuniwa na wataalamu wa mguu wa kisukari wa Ipswich, Uingereza, ambayo haihitaji kifaa chochote. Mwombe mzee ruhusa, mlaze au mkalishe vizuri, kisha afumbe macho. Mguse kwa wepesi kwa ncha ya kidole chako cha shahada, sekunde moja au mbili, kwenye ncha za vidole vitatu vya kila mguu: kidole gumba, cha kati na cha mwisho. Usibonyeze, usisugue, wala usirudie kidole ambacho hakukihisi. Akikosa kuhisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu yake ihesabu kuwa ya hatari hata kama haijawahi kumuuma.

Maandishi ya Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Muhimbili kuhusu miguu ya wagonjwa wa kisukari yamerudia jambo hili mara nyingi: vidonda vingi huanzia kwenye ganzi, na wagonjwa wengi hufika hospitali wamechelewa. Mradi wa mafunzo aliouongoza nchini, Step by Step, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulifundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuikagua miguu kabla haijaharibika. Ukienda kliniki ya sukari ukakuta muuguzi anakuambia uvue viatu hata kama umekuja kuchukua dawa tu, mshukuru.

Joto, rangi na kidole kilichobonyezwa

Kushika mguu kuona kama una joto ndicho kipimo cha kwanza cha kila mtu, na ndicho duni kuliko vyote. Baridi huifanya mishipa midogo ya ngozi ijikaze ili mwili utunze joto lake, hivyo mguu mzima kabisa huwa baridi asubuhi ya ukungu. Hapo umetishwa bure. Kosa baya liko upande wa pili. Mtu aliyekaa na kisukari miaka mingi, neva zake zikaharibika, anaweza kuwa na mguu wa moto wenye mishipa iliyotuna juu ya ngozi, ukadhani damu imejaa tele. Neva zilizokuwa zikifunga njia za mkato kati ya ateri na vena hazifanyi kazi tena. Damu inapita mkato na kurudi juu bila kuvilisha vidole. Mguu wa moto usikutulize.

Joto lina faida moja tu, nayo ni kulinganisha miguu miwili ya mtu mmoja, chumba kimoja, kwa wakati mmoja. Mmoja ukiwa baridi waziwazi kuliko mwenzake, kuna jambo. Mmoja ukiwa wa moto zaidi na umevimba, kuna jambo pia, ingawa si la upungufu wa damu: huenda ni usaha ndani au mifupa ya mguu wenye ganzi imeanza kuvunjika.

Kubonyeza ncha ya kidole na kuhesabu sekunde mpaka rangi irudi kumefundishwa sana, na mpaka wa sekunde 2 unajulikana mpaka kwa wanafunzi wa huduma ya kwanza. Mpaka huo ulienea miaka ya 1980 katika kuwapima majeruhi. Haukukusudiwa kukagua ateri za mzee wa Mlalo. Umri huzirefusha sekunde hizo, baridi huzirefusha zaidi, na juu ya ngozi nene ya mkulima au kucha iliyopigwa jembe rangi yenyewe haionekani. Tena, mguu ambao ateri zake zimeziba kweli unaweza kurudisha rangi upesi, kwa sababu damu iliyotuama kwenye vena hurudi kuijaza ngozi. Mimi kipimo hiki ningekiacha kabisa kwa kazi hii.

Dalili nyingine zinazotajwa za damu kupungua pia hazitoshi. Vinyweleo vilivyopukutika, ngozi inayong'aa, kucha nene: vyote huletwa pia na uzee, fangasi na miaka ya gambuti.

Rangi inataka uangalifu zaidi. Vitabu vingi vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, vinakuambia utafute weupe na ubluu ambao kwenye mguu mweusi hautauona juu ya unyayo. Tazama chini ya wayo. Mlaze mgonjwa chali, inua mguu kiasi cha nyuzi 45, uushikilie dakika moja hadi mbili. Wayo wenye shida hupauka, unakuwa kama umepakwa majivu, na mwenzake haupauki hivyo. Kisha mkalishe miguu ikining'inia: mguu wenye shida hukawia kurudisha rangi, halafu baadaye huiva wekundu wa kukolea unaoonekana wayoni na kandoni mwa vidole. Njia hii ina jina la Leo Buerger, daktari wa New York wa mwanzoni mwa karne ya 20. Ikionyesha tatizo, iamini. Isipoonyesha, usiseme mguu ni mzima.

Kutafuta mapigo

Hiki ndicho kipimo cha nyumbani na cha zahanati kinachostahili muda wako. Mapigo ya unyayo hutafutwa mahali pawili. Pa kwanza ni juu ya unyayo: mwambie mzee ainue kidole gumba, utaona kano imesimama, weka vidole vyako kando yake, upande wa kuelekea kidole cha pili, karibu na kilele cha unyayo. Pa pili ni nyuma ya kifundo cha ndani, chini kidogo, kati ya mfupa na kisigino. Tumia vidole viwili au vitatu vya katikati, usitumie gumba, na usikandamize: ateri hii iko juu juu, ukiibana inazibwa na wewe ndiye uliyeiziba.

Mtego mkubwa ni kuyahisi mapigo ya vidole vyako mwenyewe. Dawa yake ni rahisi. Mkono wako wa pili ushike kifundo cha mkono cha mgonjwa. Mapigo ya mguuni yakienda pamoja na ya mkononi, ni yake. Yakienda na moyo wako uliotoka kupanda kilima, anza upya.

Sasa uaminifu wake. Kwa watu wenye afya, ateri ya juu ya unyayo haishikiki kwa watu 3 hadi 14 katika kila 100. Wengine wamezaliwa imepita kwingine. Ya nyuma ya kifundo haishikiki kwa hadi watu 10 katika 100. Kwa hiyo ukikosa moja, usipige yowe. Kukosa zote mbili katika mguu mmoja ni nadra sana kwa mtu mwenye afya; aliyezikosa apelekwe kwenye kipimo cha mkanda wa presha, kinachoelezwa hapa chini. Uvimbe nao huyaficha mapigo: moyo uliochoka, figo, au matende ambayo mwambao wa Tanga unayajua vizuri. Na hata wataalamu wawili wakiushika mguu mmoja hawakubaliani kila mara, ndiyo maana heri ashike mtu wa pili kabla hujaandika neno lolote.

Ubaya wa kipimo hiki ni upande wa kutuliza. Mapigo yanaweza kushikika na ateri ikawa imebanwa, hasa kwa mwenye kisukari. Kuyapata ni habari njema isiyokamilika.

Mlima wenyewe unapima

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuishi miaka na ateri zilizobanwa asijue, kwa kuwa anatembea sakafu tambarare kutoka mlangoni hadi kwenye daladala. Huku shamba liko bondeni na nyumba iko juu. Msuli unaopanda unadai damu nyingi, na ateri iliyobanwa haiwezi kuitoa. Dalili yake ina mwenendo maalumu: kigimbi cha mguu kinakaza na kuuma baada ya umbali ule ule, unasimama wima dakika chache, kinaachia, unaendelea, kinakamata tena. Mteremko haukisumbui sana.

Mgongo nao huleta maumivu yanayofanana, ila mwenye mgongo hukosana na mteremko. Neva zilizobanwa kiunoni hupata nafuu mtu akiinama mbele, kama anavyofanya akipanda, na huuma zaidi akinyooka kushuka. Kusimama tu hakumsaidii, anataka kukaa. Muulize mgonjwa anapumzika vipi na njiani wapi, utajifunza mengi kuliko kwa kumbonyeza vidole.

Kipimo hiki cha bure kina mianya miwili. Mwenye ganzi haumwi. Na aliyeacha kupanda haumwi pia: mzee ambaye siku hizi anatuma wajukuu shambani anasema hana tatizo, na kweli hana, kwa sababu amelikwepa. Waulize wa nyumbani aliacha lini, na kwa nini.

Mkanda wa presha mguuni

Kipimo cha hospitali kinachoheshimika zaidi ni kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Travis Winsor wa Marekani alikieleza mwaka 1950, na bado ndicho cha kuanzia duniani kote. Kinahitaji mkanda wa kawaida wa presha na kifaa kidogo cha Dopla, kilichopewa jina la Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria aliyeeleza kanuni yake mwaka 1842. Hapa nikutahadharishe: Dopla inayotumika kliniki ya wajawazito kusikiliza moyo wa mtoto si hii. Ile hutumia mawimbi ya megahezi 2 au 3 yanayofika ndani ya tumbo. Ateri za unyayo ziko juu juu, zinataka ya megahezi 8 hivi. Kabla ya kusafiri, piga simu uulize kwa maneno haya: mna Dopla ya mishipa ya miguu? Uliza Hospitali ya Wilaya ya Lushoto, uliza Bumbuli kwa KKKT, na kama jibu ni hapana, ukishafika Mombo njia ni mbili: Bombo mjini Tanga, au KCMC Moshi.

Mpimaji hupima namba ya juu ya presha katika mikono yote miwili na kuchukua iliyo kubwa, kisha hupima ateri mbili za kila kifundo na kuchukua iliyo kubwa ya mguu huo. Anagawanya ya mguu kwa ya mkono. Tuseme mkono ni 140 na kifundo 98: jibu ni 0.70. Kuanzia 1.00 hadi 1.40 ni kawaida, 0.91 hadi 0.99 ni mpakani, na 0.90 kushuka chini ni ateri zilizobanwa. Huyo wa 0.70 ana ugonjwa, na mpimaji makini atakuwa na uhakika nao.

Mzee wa pili ana mkono 150 na kifundo 225. Jibu ni 1.50, na mtu asiyejua atampongeza. Ukweli ni kwamba ukuta wa ateri umejaa chokaa kwa kisukari au ugonjwa wa figo, umekuwa kama mpira wa maji uliogeuka bomba la chuma, na mkanda unashindwa kuubana. Johann Georg Mönckeberg, Mjerumani, aliieleza hali hii mwaka 1903, Lushoto yenyewe ikiwa bado inaitwa Wilhelmsthal. Jibu lolote linalozidi 1.40 lisomwe kuwa "hatujapima kitu".

Wa kumhofia zaidi ni mzee wa tatu, mwenye 1.05. Ateri zake zimebanwa, presha ya kweli imeshuka, lakini chokaa imeipandisha namba mpaka ikaangukia palepale penye kawaida. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, namba nzuri ya kifundo haitoshi kumrudisha nyumbani. Sikilizeni pia sauti ya Dopla: ateri yenye afya ina mpigo mkali, kisha mrudio mfupi, kisha mguso mdogo wa tatu; iliyobanwa huvuma mvumo mmoja mlaini unaopanda na kushuka taratibu. Na kama kituo kina mkanda mdogo wa kidole gumba cha mguu, ombeni utumike. Ateri za vidole hazipatwi sana na chokaa. Hapo uwiano ulio chini ya 0.70 ni wa shaka, na presha ya kidole iliyo chini ya 30 ni hatari ya wazi kwa mwenye kidonda.

Kipimo cha kidole, hata hivyo, kinaharibiwa na baridi. Fika mapema, kaa na soksi chumba chenye joto dakika kama 20, kisha ulale chali dakika 10 kabla ya kufungwa mkanda. Usiingie umetoka tu kupanda kilima cha hospitali, kwa sababu kutembea hushusha presha ya kifundo kwa mwenye ateri zilizobanwa. Sigara ikae mbali. Wala usijipashe kwa jiko la mkaa au beseni la maji ya moto: wenye ganzi huungua wasijue, na kidonda cha moto kwenye mguu wenye damu kidogo ni msiba.

Na ile mashine ya presha ya betri iliyopo nyumbani? Kwa mkono ni nzuri. Kifundoni hushindwa kusoma presha ndogo, ikatoa alama ya hitilafu au namba iliyo juu ya ukweli. Ikisoma vizuri mkononi na kugoma mguuni mara kwa mara, usiitupe. Nenda kapimwe kwa Dopla.

Omba namba ziandikwe kwenye daftari lako la kliniki, mikono yote na miguu yote. Neno "kawaida" halisaidii mwakani. Na mwakani jibu likitofautiana kwa chini ya 0.15, huenda ni mkono wa mpimaji tu.

Vya kubana kidoleni, vya sokoni

Tangu Uviko, vifaa vya kubana kidole vinavyosoma oksijeni vimeingia majumbani, na wengine huvibana kwenye kidole cha mguu. Kifaa hicho kinasema damu iliyofika ina oksijeni kiasi gani. Hakisemi imefika damu kiasi gani, na damu kidogo inaweza kuwa na oksijeni tele. Kidole cha baridi hukifanya kigome. Isitoshe, utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kifaa hiki husoma juu kuliko ukweli mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Upande wa kutuliza tena.

Anayekuja siku ya gulio na mashine ya kushika chuma mkononi, kisha kompyuta ikatoa kurasa za "mzunguko wa damu", hapimi mguu wala chochote, na karatasi yake huishia kwenye chupa anayouza. Mashine za kutetemesha nyayo zinaburudisha. Ateri iliyoziba hazifungui, na mwenye ganzi zinaweza kumchubua.

Kidonda hakisubiri namba

Vipimo vyote hivi vinasaidia kuamua haraka ya safari. Yapo mambo yanayoamua peke yake. Mguu uliogeuka ghafla kuwa baridi, ukapauka, ukauma sana, ukapoteza mapigo au nguvu, una muda wa masaa machache, kama sita, kabla misuli haijaanza kufa. Kutoka Mtae muda huo unaliwa na barabara, kwa hiyo tafuteni gari usiku uleule. Maumivu ya vidole yanayomwamsha mtu na kumfanya auning'inize mguu kitandani ni ateri zilizobanwa vibaya. Kidole cheusi hakihitaji kipimo cha nyumbani.

Kidonda chochote kwenye mguu wa mwenye kisukari kionwe na mtaalamu, na kiwe kimeoshwa na kufungwa kitambaa safi, bila majani, bila unga wa vidonge. Kama presha ya kifundo iko chini ya 50, au uwiano uko chini ya 0.5, mgonjwa huyo anahitaji picha ya mishipa na daktari wa upasuaji wa mishipa haraka. Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ziko Dar es Salaam. Na kama kidonda kimetunzwa vizuri wiki 4 hadi 6 na hakifungi, miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari inataka upigaji picha wa mishipa ufikiriwe hata kama vipimo vyote vya pembeni mwa kitanda vimesema salama.

Kwa hiyo, wewe mwenye kisukari wa Lukozi, Soni au Bumbuli: kliniki ijayo vua viatu na soksi ukiwa bado kwenye benchi, kabla hujaitwa. Mwambie muuguzi kwa adabu kwamba unaomba miguu yote miwili ishikwe mapigo na kuguswa vidole, angalau mara moja kila mwaka, na jibu liandikwe. Akikuambia leo watu ni wengi, muulize urudi siku gani, na urudi.